Salamu za sikukuu, na ombi la swali la pili

Heri ya sikukuu, ndugu, jamaa na marafiki. Mliosafiri mkafika salama, karibuni. Mlio kazini ili wengine tupumzike, asanteni sana. Nanyi mliofiwa mwaka huu, poleni. Sikukuu ya kwanza bila mtu wako ni nzito, na salamu peke yake haiipunguzi.

Kwa kuwa siku hizi tunakaa pamoja kuliko kawaida, nimekuwa nikiyawaza mazungumzo yenyewe. Mwaka 2009 watafiti waliolinganisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia walieleza kwamba mtu akiulizwa swali la ndiyo au hapana, hujibu baada ya wastani wa takribani sehemu ya tano ya sekunde. Kumbe kuandaa hata neno moja kichwani huchukua zaidi ya nusu sekunde! Yaani jibu huanza kupikwa mwenzako akiwa bado anasema. Wepesi huo ni wa ajabu, na naupenda. Lakini ndio pia unaotufanya tujibu tulichotarajia kusikia, si kilichosemwa.

Wasikilize watu wakikutana. "Habari za siku nyingi?" "Tupo tu." "Haya, tunamshukuru Mungu." Basi, wameshapita. Sisemi salamu hizo ni bure. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliandika mwaka 1923 kwamba maneno ya namna hiyo kazi yake ni kuwaunganisha watu kuliko kupashana habari, nami nakubaliana naye kabisa. Ila kuna "tupo tu" inayosemwa polepole, mwenye kuisema akikunja na kukunjua ncha ya nguo yake. Hiyo inataka swali la pili: "Mpo vipi, dada?" Kisha unyamaze. Kimya hicho kitakuelemea. Utatamani kukijaza kwa ushauri, au kwa kisa chako kinachofanana na chake. Jizuie. Mwenye jambo zito hutanguliza mepesi. Ataanza na hali ya hewa, aje kwenye watoto, aje kwenye kazi, ndipo afike kwenye ugonjwa au deni. Ukimkatiza kwenye watoto, la deni hutalisikia.

Wazee nao tuwape subira hiyo (na vijana wakimya, ambao tunawahukumu upesi mno). Babu akirudia kisa unachokijua, muulize asichowahi kukieleza: nani mwingine alikuwepo, walirudi vipi. Utashangaa yatakayotoka.

Salamu hizi nimewaandikia wote kwa pamoja, lakini sihesabu kwamba nimemaliza. Nitawapigia simu mmoja mmoja. Nikikukuta na shughuli, niambie tu, nitapiga tena jioni. Sikukuu njema, na Mungu awalinde mlio njiani.