Mwanangu, foleni ya risepsheni inaanzia londri

Mwanangu kipenzi,

Asalaam alaykum. Huku wote wazima, baba'ako mguu umepoa sasaivi anakwenda msikitini mwenyewe. Zile slaidi za masta yako ya usimamizi wa huduma nimezisoma zote, pale Kiingereza kilipokaza kanisaidia mdogo wako, na nimefurahi sijui nikwambie vipi, maana mie miaka yote niko hausikipingi huku Nungwi nilikuwa sijui kama kazi yetu hii huko Helsingborg, Sweden, chuo cha Lund kina idara nzima inaisomesha.

Hilo la kwanza kuwa huduma haiwekwi stoo sisi tunalijua siku nyingi. Rumu ikilala tupu leo hela yake imekwenda, kesho huwezi kuiuza mara mbili. Ndo maana masika ikipiga mwezi wa 4 na wa 5 bei zinashuka, hoteli nyengine zinafunga kabisa, halafu mwezi wa 7 na wa 8 hupati pa kumlaza mgeni.

Ila kilichonikaa ni ule mchoro wa hatua za huduma wa Lynn Shostack wa 1984, wenye mstari, juu mambo anayoyaona mgeni, chini asiyoyaona. Mie ni wa chini ya mstari mwanangu, na hapo ndo nataka uwe mkali kuliko mameneja wote niliofanya nao kazi.

Chukua siku ya chekauti. Wageni wanatoka saa 4 asubuhi, wapya wanaingia saa 8 mchana. Rumu ya mgeni aloondoka ukiifanya sawasawa, shuka, choo, neti, na mchanga wa pwani unaujua wenyewe, ni dakika 40, kwa hiyo kwa masaa 4 mtu mmoja anamaliza rumu 6 na hapo hajakaa chini hata kidogo. Wakiwa watatu, rumu 18. Sasa siku hiyo zimeachwa rumu 24, wale wa rumu 6 zilobaki wako risepsheni na mabegi yao, wametoka kwenye ndege usiku kucha, wamekasirika, na meneja anaona nini? Anaona foleni risepsheni, basi anaajiri mtu mwengine wa risepsheni! Hili nimeliona kwa macho yangu kwenye hoteli moja, tena meneja ana digrii yake, risepsheni wakawa wanne wote wanatabasamu na funguo hakuna, maana funguo inatoka kwetu, na sisi tunangoja shuka londri, na londri mashine inayofanya kazi ni moja. Foleni inaonekana juu, tatizo liko chini ya mstari.

Ndo nikampenda yule Erlang wa Denmark uliyenieleza kwenye voisi, wa kampuni ya simu ya Copenhagen, ng'ambo tu ya maji hapo ulipo, alotoa hesabu zake za simu 1909. Ukasema foleni hairefuki pole pole, watu wakishakaribia kujaa kazi, kazi ikiongezeka kidogo tu foleni inaruka. Hesabu hiyo isome mpaka uimudu, kwa sababu huku meneja akimuona mtu kakaa dakika tano anasema huyu hana kazi apunguzwe, kumbe zile dakika tano ndo zinazotuokoa mchana. Mama wa hausikipingi akisema tumechoka hasikilizwi, namba inasikilizwa.

Na yale maswali 22 ya Parasuraman na wenzake ya 1988, ya kupima ubora wa huduma, mazuri, lakini anaulizwa mgeni. Na zile sekunde 15 za Jan Carlzon alokuwa bosi wa shirika la ndege la SAS, kuwa mteja akikutana na mfanyakazi anakupima humo humo, kweli kabisa, ila sekunde hizo zinatengenezwa tangu alfajiri na watu ambao mgeni hatowaona. Heskett na wenzake wa Harvard 1994 ndo naona wamekaribia, waliposema faida inaanzia kwa mfanyakazi ulivyomueka. Mtu unamrudisha nyumbani masika bila ya mshahara, mwezi wa 7 unataka acheke na wageni, atacheka kwa kipi?

Kwa hiyo tasnifu yako usifanye ya aplikesheni za buking, wengi watafanya hizo. Fanya ya chini ya mstari. Njoo mwezi wa 7 inshaallah, msimu umejaa, mie ntakuombea ruhusa kwa bosi, na ukifika usianzie risepsheni wala kwa meneja, anzia londri na saa yako mkononi, pima kila shuka inakaa muda gani kabla haijafika kitandani, halafu uwaulize kina dada wa floo, wataongea sana hao.

Jumapili nipigie mapema, nyie winta mko nyuma masaa mawili, ukipiga saa 4 ya usiku wako mie nshalala. Na jaketi nene nunua, hela ntatuma ikipungua.

Mama'ako