Lengo la mvuvi lihesabiwe kwa giza, si kwa Januari

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wenzangu wa mialoni, yaani vituo vya kupokelea samaki vya Ziwa Victoria, kuanzia Igombe na Kayenze hadi visiwa vya Ukerewe, juu ya jambo linalohubiriwa sana na kufundishwa kidogo: kuweka malengo ya maisha.

Semina za mafanikio hazikauki mjini Mwanza. Mnenaji huwaambia watu waandike ndoto kubwa, kisha husimulia utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wa mwaka 1953, eti asilimia 3 ya wahitimu walioandika malengo yao walikuja kuwa na mali kuliko asilimia 97 ya wenzao kwa jumla. Utafiti huo haukufanyika. Umetafutwa chuoni hapo, haupo. Inauma, kwa sababu tafiti za kweli zipo na zina msaada mkubwa zaidi. Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham, walioandika kwa kina mwaka 1990 baada ya miaka mingi ya majaribio, walionyesha kwamba mwenye lengo mahususi, gumu kiasi, hufanya vizuri kuliko aliyeambiwa "jitahidi uwezavyo". Neno jitahidi halina mahali pa kufikia, kwa hiyo kila jioni mtu hujiona amejitahidi.

Mtazameni kijana wa bodaboda aliyechukua pikipiki kwa mkataba. Ukimwambia aweke akiba ya 2,000 kwa siku atakwambia maisha magumu. Lakini hesabu ya tajiri, yaani malipo ya siku kwa mwenye pikipiki, anaipeleka kila jioni, mvua au jua, na siku mkataba unapokwisha pikipiki inakuwa yake. Ni kijana yule yule, na mfuko ule ule. Hesabu ya tajiri ina kiasi kinachojulikana, ina siku yake, na kuna mtu anayeisubiri. Akiba yake mwenyewe haina hata kimoja kati ya hivyo. Hata wazee waliosema haba na haba hujaza kibaba walitaja chombo cha kujazwa, nacho ni kipimo ambacho kila muuza nafaka alikijua ukubwa wake. Sisi tumebaki na haba na haba, kibaba tumekisahau.

Sasa nije kwa wavuvi wa dagaa, maana hapo ndipo ushauri wa semina unapoharibika kabisa.

Dagaa huvuliwa kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu ya kuwavuta, mitumbwi hukaa mchangani, na mabaharia hurudi nyumbani au hubaki kambini wiki nzima na zaidi bila mgao wa mauzo ya dagaa. Pesa ya mwaloni huja kwa giza na kukatika kwa mbalamwezi. Mzunguko mmoja wa mwezi ni siku 29 na nusu. Mizunguko 12 ni siku 354, pungufu ya mwaka wa kalenda kwa siku 11. Kwa hiyo baharia anayeapa Januari kwamba "kila tarehe 30 nitaweka laki moja na nusu" atakuta tarehe 30 mara imeangukia gizani akiwa na hela, mara imeangukia mbalamwezi akiwa anakopa unga dukani. Akikosa mara mbili anajiita mzembe na daftari analitupa. Hakuwa mzembe. Alipanga kwa kalenda ya mtu wa mshahara.

Apange hivi. Tuchukue kwa mfano kwamba anataka hisa katika mtumbwi, shilingi 1,800,000. Mwaka una giza 12, yaani vipindi 12 vya kuvua kati ya mbalamwezi moja na nyingine, lakini asihesabu 12. Kuna giza litakaloliwa na pepo za kusi kati ya Juni na Agosti, na jingine litakwenda na ugonjwa, msiba au injini kufa. Ahesabu 10: kila giza 180,000. Ndani ya giza moja kuna usiku kama 20 wa kuingia ziwani. Atoe usiku wa upepo na usiku wa kurudi mtupu, zibaki 15. Ni 12,000 kwa kila usiku wenye mgao. Kama mgao wake wa kawaida ni 20,000 na nyumba inahitaji 10,000 ya kila mgao, hesabu imekataa, na ni heri ikatae kwenye karatasi kuliko mbele ya watoto. Asogeze lengo hadi miaka miwili, giza 20, na kila usiku iwe 6,000. Asipunguze chakula cha nyumbani ili daftari lipendeze.

Kukosea upande wa matumaini ni tabia ya binadamu wote. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliieleza mwaka 1979: mtu hukadiria muda mfupi kuliko utakaotumika, hata kama kazi kama hiyo ilimchelewesha jana. Dawa yake ni kutazama mwaka uliopita ulivyokwenda, siyo vile tunavyotamani huu uende.

Daftari lenyewe lisiwe na mapambo. Giza moja, ukurasa mmoja. Juu andika "Giza la Machi". Safu ya kwanza usiku, 1 hadi 20. Ya pili mgao. Ya tatu kilichowekwa. Ya nne sababu, pale ambapo hakikuwekwa kitu: "upepo", "nyavu zimechanika", "nimemkopesha shemeji", "kinywaji". Wengi huiacha safu hiyo ya nne kwa aibu, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Baada ya giza tatu isome kutoka juu kwenda chini. "Upepo" ukijirudia, lengo ni kubwa kuliko ziwa, lipunguzwe. "Shemeji" akijirudia, kuna mazungumzo ya nyumbani yanayokwepwa, na hakuna hesabu itakayoyamaliza.

Kabla ya yote hayo kuna kufikiri, na hapa kuna swali moja tu la kuliuliza mpaka lichoke: ili iweje? Mama anayeanika dagaa Kayenze anasema anataka pikipiki. Ili iweje, mama? Nipeleke mzigo mwenyewe soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza mjini. Ili iweje? Nisiuze kwa mchuuzi anayenipa bei ya chini. Na kwa nini anakupa bei ya chini? Dagaa wangu wana mchanga. Basi pikipiki itabeba mchanga ule ule hadi Kirumba. Anachohitaji kwanza ni chanja: nguzo za mti, usawa wa kiuno, nyavu kuukuu zimetandazwa juu zikakazwa zisibonyee katikati, na turubai pembeni la kufunika mvua ikianza. Hewa inapita chini na juu, dagaa wanakauka wasafi. Wakianikwa chini, mvua moja tu inawaozesha, wanaishia kuuzwa chakula cha kuku. Gharama ya chanja haifiki hata karibu na ya pikipiki. Maswali matatu yamemwokolea miaka.

Lengo likishapatikana, lifungwe kwenye tukio. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha mwaka 1999 kwamba kauli ya "likitokea hili, nafanya hili" hutekelezwa zaidi kuliko nia tupu. "Nitakuwa naweka akiba" ni nia tupu. "Nikishapokea mgao, kabla sijapita kibanda cha chai, natuma 6,000 kwa mweka hazina" ni mpango, kwa sababu kibanda kiko pale kila asubuhi na kitamkumbusha. Kauli isifungwe kwenye hisia, kama "nikijisikia nina ziada". Hisia hiyo haiji.

Na kikwazo kitajwe kwa jina lake. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen ameonyesha kwamba anayewaza utamu wa mafanikio peke yake hupungukiwa juhudi. Anayeweka kikwazo kando ya ndoto hufika mbali zaidi. Kambini kikwazo kinajulikana. Ni mbalamwezi yenyewe, siku kama tisa za kukaa bure, pombe na kamari vikiwa hatua kumi kutoka kitandani. Mpango wa mwaka usiosema siku hizo mtu atakuwa wapi na pesa itakuwa wapi haujakamilika.

Vikundi vya kuweka na kukopa vimelijibu hilo vizuri kwa sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Udhaifu wao uko siku ya kuvunja. Mwanachama anapokea mafungu ya mwaka mzima, mara nyingi Desemba, bila kuwa ameandika ya nini, na sikukuu inayameza. Kila mwanachama aandike lengo lake siku ya kwanza ya mzunguko, lisomwe mbele ya wenzake siku ya kugawana, kabla pesa haijahesabiwa. Kikundi kilichozoea hivyo hakitababaika hata mbele ya halmashauri, kikiomba mkopo wa ile asilimia 10 ya mapato ya ndani waliyotengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, maana huko swali la kwanza ni lile lile, pesa hii ni ya nini.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Kila mwanzo wa mwezi, gazeti lichapishe kwenye kona moja tarehe ya mwezi kuandama na tarehe ya mwezi mpevu. BMU za mialo, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia mwalo, zikate kipande hicho na kukibandika kwenye ubao wa matangazo, pale mabaharia wanaposimama kusubiri mgao.

Mwezeshaji wa vikundi vya kuweka na kukopa,
Ilemela, Mwanza