Barua kwa mwanangu anayehamia Minot

Fargo, North Dakota
14 Septemba 2025

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mkwe wangu. Sisi huku hatujambo, na baba yako anaendelea vizuri na kazi. Barua yako nimeipata, na habari kwamba jeshi limekupangia kambi ya Minot niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama jikoni. Nimefurahi kwamba mtakuwa mwendo wa saa nne tu kutoka kwetu, hasa kwa kuwa mjukuu wangu atazaliwa katikati ya baridi kali. Hata hivyo, iko sentensi moja ambayo imeninyima usingizi siku mbili, ile unayosema kwamba bei ya nyumba si kitu kwa sababu posho ya nyumba unayopewa na jeshi italipa, na kwamba mkinunua nyumba mtapangisha vyumba vya chini kwa bei yoyote ambayo soko litakubali. Sikuandikii kukugombeza. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja tulipoihama Minot, na nimetambua kwamba mpaka leo unaamini tulifukuzwa na mafuriko.

Mafuriko hayakutugusa. Unakumbuka ving'ora vya tarehe 22 Juni 2011, na mimi pia bado navisikia. Mto Souris unatoka Kanada, unapinda kupitia Minot, kisha unarudi Kanada, na mwaka ule theluji na mvua za Saskatchewan ziliujaza mpaka ukavuka alama iliyokuwa imewekwa mwaka 1881. Watu zaidi ya 11,000 waliondolewa bondeni, na nyumba zaidi ya 4,000 ziliharibika, katika mji ambao sensa ya mwaka uliotangulia ilikuwa imehesabu watu 40,888. Sisi tulikuwa kilima cha kusini, ghorofa ya pili. Tulisimama dirishani tukatazama mapaa yakielea kama makasha, na usiku tukawatandikia magodoro sebuleni watu wa kanisani kwetu ambao nyumba yao ilikuwa imejaa tope mpaka kwenye swichi za taa. Kilichotuhamisha kilikuja miezi saba baadaye, na kilikuwa karatasi moja.

Siku hiyo nilitoka zamu ya usiku kule nyumba ya wazee, nikaikuta karatasi imechomekwa kwenye upenyo wa mlango. Baba yako alikuwa safarini. Kiingereza changu cha maandishi ya kisheria kilikuwa bado kinanishinda, kwa hiyo nilikusubiri urudi shuleni, nikakupa uisome. Ulikaa mezani na koti lako mwilini, theluji ikiyeyuka kutoka kwenye viatu vyako, ukanisomea kwa sauti kwamba kuanzia tarehe 1 Machi 2012 kodi yetu ya dola 610 kwa mwezi itakuwa dola 1,350. Ulizitamka namba zile vizuri, kama mtoto anayesoma hesabu mbele ya mwalimu, kisha ukaniuliza kama unaweza kwenda kuteleza kwenye theluji. Nilikuruhusu. Nilipobaki peke yangu nilizihesabu fedha zilizokuwa kwenye kopo la kahawa, nikazihesabu tena, nikaona kwamba mshahara wangu wote wa mwezi ungelipa nyumba na kubakiza nauli.

Nilikwenda kuuliza kama ile ni haki. Niliambiwa kwa upole kwamba sheria ya North Dakota hairuhusu miji kuweka kikomo cha kodi, na kwamba kwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi notisi ya mwezi mmoja inatosha. Mwenye nyumba hakuwa amevunja sheria yoyote. Aliniambia mwenyewe, bila hasira, kwamba wapo watu watatu waliokuwa tayari kuingia siku hiyo hiyo kwa bei ile, na nilimwamini, kwa sababu nilikuwa nikiwaona watu wamelala ndani ya magari kwenye maegesho ya maduka, injini zikiunguruma usiku kucha ili wasigande.

Nataka uelewe watu wale walitoka wapi, kwa maana utawakuta wengine. Magharibi ya Minot, kuelekea mji wa Williston, chini ya mashamba ya ngano, kuna mwamba wa Bakken. Mafuta yake yalijulikana kwa miaka mingi, lakini hayakutoka kwa wingi mpaka mafundi walipoweza kuchimba kwenda chini na kisha kwenda mlalo, na kuupasua mwamba kwa maji, mchanga na dawa zinazosukumwa kwa nguvu kubwa. Mwaka 2012 North Dakota iliipita Alaska kwa kutoa mafuta, ikawa ya pili nyuma ya Texas, na mwezi wa Aprili 2014 visima vyake vilivuka mapipa milioni moja kwa siku. Kila kisima kilihitaji maji kwa mamia ya malori, na hapo ndipo baba yako alipoliacha jiko la hoteli akawa dereva. Sitakuficha kwamba fedha ile ilitusaidia. Alipata karibu mara mbili ya alichokuwa akipata, na tuliweza kumlipia bibi yako matibabu Mtwara. Lakini alikuwa analala wiki mbili kwenye kambi ya vibarua, kontena lenye vitanda viwili, na bado kodi ya kwetu ilikuwa inakimbia mbele ya mshahara wake. Waliofika na mshahara wa visimani waliweza kulipa. Sisi tuliokuwa tunawaosha wazee na kuwalisha, tuliokuwa tunapika shuleni na kusafisha vyumba vya hospitali, mishahara yetu haikufuata bei ya pipa.

Jirani yetu wa chini unamkumbuka, yule mama mzee aliyekuwa anakupa mitungi ya jemu. Marehemu mumewe alistaafu jeshini, kwenye kambi hiyo hiyo unayokwenda. Aliishi katika jengo lile miaka kumi na tisa, na naye alipata karatasi kama yetu. Siku anahama kwenda kwa binti yake Montana nilishuka kumsaidia kufunga mizigo. Aliyashusha mapazia aliyokuwa ameyashona mwenyewe, akayakunja taratibu, akayapima kwa mkono mara mbili, kisha akayarudisha dirishani, kwa sababu chumba alichokuwa anakwenda kilikuwa na dirisha dogo. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na yeye ndiye aliyenibembeleza.

Sisi tulilipa bei mpya miezi mitatu ili umalize muhula, mwezi wa Juni tukapakia gari tukaja Fargo.

Sasa nije kwenye posho yako, kwa kuwa hapo ndipo ulipo mzizi wa wasiwasi wangu. Wizara ya Ulinzi hukusanya kila mwaka takwimu za kodi zinazotozwa kila eneo, na kila Januari huanza kulipa kiwango kipya cha posho kwa kila cheo, mwenye familia na asiye na familia. Ni utaratibu wa haki kwa askari, wala siupingi, maana hukuchagua kwenda Minot. Lakini jedwali lile liko wazi kwa kila mtu, na wenye nyumba wanalisoma kuliko wanavyosoma utabiri wa hali ya hewa. Nilisikia kwa masikio yangu mwenye nyumba akimuuliza kijana wa kambini cheo chake kabla hajamtajia bei. Kijana akasema, bei ikatajwa, na ilikuwa sawasawa na posho yake. Mwaka unaofuata kodi hiyo inaingia kwenye hesabu, posho inapanda, na bei inaifuata tena. Kijana yule hakupoteza kitu. Aliyepoteza ni mpishi wa shule ambaye alikuwa anatafuta nyumba ya aina ile ile, na ambaye hana wizara ya kumwongezea mshahara kila Januari. Kwa hiyo unaposema bei si kitu, uko sahihi kwa upande wako tu, mwanangu. Fedha ambayo wewe huioni ikitoka mfukoni mwako inakuwa ndiyo bei ya mji mzima.

Mama yako mdogo aliyeko Mtwara aliyaona mambo kama haya wakati ule ule, makampuni ya gesi yalipoingia. Aliniambia kwa simu kwamba mwenye nyumba wake alianza kudai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na kwa dola, akisema anawasubiri wageni. Wageni walipopungua, nyumba ile ilikaa imefungwa mwaka mzima.

Minot nayo ilifika huko. Katikati ya mwaka 2014 pipa la mafuta liliuzwa kwa zaidi ya dola 100, na mwanzoni mwa 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Magorofa yaliyokuwa yamejengwa harakaharaka yakabaki na vyumba vitupu, na mabango ya mwezi wa kwanza bure yakatundikwa kwenye uzio. Nawafahamu askari walionunua nyumba wakati bei iko juu, kwa mkopo wa wanajeshi usiohitaji malipo ya awali, wakahamishwa baada ya miaka mitatu na kukuta nyumba haifiki hata deni lake. Nakuomba ulifikirie hilo kabla hujasaini chochote. Wanasema sasa kwamba makombora ya Minuteman III, yale 150 yaliyofukiwa mashambani kuizunguka Minot, yatabadilishwa kwa mapya yanayoitwa Sentinel, na kwamba kazi itaanzia Wyoming, ifuate Montana, kisha Minot. Siku hiyo watakuja wajenzi wengi tena, na madalali tayari wanawaambia vijana kama wewe kwamba huu ndio wakati wa kununua. Usimsikilize mtu ambaye analipwa mkishasaini.

Kama mnaweza kupata nyumba ndani ya kambi, jiandikisheni kwanza huko, hata kama foleni ni ndefu na barabara ya kwenda mjini ni ya upepo. Mkipanga mjini, usitaje cheo chako. Uliza mpangaji aliyetoka alikuwa analipa kiasi gani, na kama bei imepanda, uliza kilichoongezwa ndani ya nyumba. Ujue kwamba amana haipaswi kuzidi kodi ya mwezi mmoja kama hamna mnyama, na kwamba ukipata amri ya uhamisho sheria ya serikali kuu inakuruhusu kuuvunja mkataba kwa notisi. Tembelea vyumba vya chini wakati wa mvua, unuse kuta, kwa sababu nyumba nyingi za bondeni zilikarabatiwa baada ya mafuriko, na si zote zilikarabatiwa kwa uaminifu.

Na kama mtanunua, kisha mkapangisha hivyo vyumba vya chini, kuna mtu ninayetaka umfahamu. Alikuwa mkulima mzee, mwenye jengo dogo la vyumba vinne karibu na reli, na mfanyakazi mwenzangu alipanga kwake. Katika mwaka ule ule wa 2012 yeye alipandisha kodi kwa dola 40. Mwenzangu alimuuliza kwa nini, maana wengine walikuwa wanapandisha mara mbili. Alimfungulia daftari, akamwonyesha kodi ya serikali ya jengo imepanda kiasi gani, bima imepanda kiasi gani, akagawanya kwa vyumba vinne mbele yake. Mwenzangu bado yuko katika chumba kile. Mzee yule alikuwa katika soko lile lile na mwenye nyumba wetu, alipigiwa simu na watu wale wale, na alipokea fedha iliyomtosha. Kwa hiyo usiniambie tena kwamba soko ndilo litakalopanga bei ya vyumba vyako. Utaipanga wewe na mkeo, mezani kwenu, na ninawaomba muanze na kile mnachodaiwa, msianze na kile ambacho mpangaji anaweza kukamuliwa. Akija kwenu mama mwenye zamu ya usiku na mtoto wa shule, mtazameni kwa muda kabla hamjamtajia bei.

Ile karatasi sikuitupa. Imekaa miaka kumi na tatu kwenye bahasha ya vyeti vyenu vya chanjo, na nimeiweka ndani ya barua hii. Igeuze nyuma. Utaona hesabu uliyoifanya kwa penseli jioni ile uliporudi kutoka kuteleza, 1,350 kutoa 610, na jibu umelizungushia duara. Ukishaisoma nirudishie.

Baba yako anawasalimu, na anasema mfunge hita ya injini kwenye gari kabla ya Novemba.

Ni mimi mama yako.