Masta ya kompyuta: niache kazi nikasome, au nibaki?

Anti, shikamoo.

Nina miaka 29, naishi Sinza, Dar es Salaam. Nilimaliza shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta mwaka 2019, na huu ni mwaka wa tano naandika programu katika kampuni ndogo inayotengeneza mifumo ya SACCOS, vile vyama vya kuweka akiba na kukopa: hisa, akiba, mikopo, marejesho. Mshahara unaingia kwa wakati, ingawa asilimia 15 inakwenda Bodi ya Mikopo kabla sijaugusa. Kazi naipenda sana. Kinachoninyima usingizi ni hili la kurudi shule.

Lilianza hivi. Mwaka jana SACCOS moja ilituomba tuitengenezee kitu cha kubashiri mkopaji gani atashindwa kulipa. Bosi akanikabidhi mimi. Nikachukua mifano ya mtandaoni, nikailisha data yao ya mikopo 1,200, modeli, yaani programu iliyojifunza kutokana na data hiyo, ikapatia kwa asilimia 96. Ofisi nzima ilishangilia. Siku ya kuwaonesha wenyewe, mama mmoja wa kamati ya mikopo, mtu mzima mwenye miwani na daftari lake la kaunta, akaniuliza: "Mwanangu, hebu nioneshe hao iliowakataa." Nikatafuta. Haikuwa imemkataa hata mmoja. Katika mikopo ile 1,200, chechefu, yaani iliyoshindwa kulipwa, ilikuwa 48 tu, kwa hiyo mashine ilijifunza kusema "atalipa" kwa kila mtu, ikajipatia 96 yake. Yule mama majina ya wale 48 alikuwa nayo kwenye daftari. Mimi mwenye digrii sikuwa nimeliona hilo, na niliona aibu mpaka nikashindwa kunywa soda waliyotukaribisha.

Tangu siku ile najua kuna takwimu na hisabati nilizozipita juu juu chuoni ili mradi nifaulu mtihani. Nimejaribu kujisomesha kwa kozi za bure mara tatu. Kila nikifika kwenye matriksi, zile hesabu za majedwali ya namba, mteja anapiga simu kwamba malipo ya mtu yameingia mara mbili, naacha, na nikirudi baada ya wiki mbili nimeshasahau nilipoishia.

Bosi wangu ana diploma na ameajiri watu 11, kwa hiyo siwezi kumpuuza. Yeye anasema mteja haulizi cheti, anauliza mfumo unafanya kazi au haufanyi. Baba mdogo, mstaafu wa serikalini, anasema nikitaka siku moja kuingia utumishi wa umma bila masta nitazeekea cheo kilekile. Na mwenzangu mmoja aliyerudi na masta yake analipwa sawasawa na mimi. Wote wananizungumzia mshahara na cheo, hakuna anayenizungumzia lile daftari.

Njia ninazoziona ni mbili. Kuna Carnegie Mellon, chuo cha Marekani chenye kampasi Kigali. Pale ni kusoma kutwa, maana yake niache kazi, na mdogo wangu anamaliza kidato cha sita mwaka huu. Akiingia chuo, hata akipata mkopo, hela ya kula na ya chumba itatoka kwangu. Mama hana uwezo huo. Fomu nimeshaijaza, sijaituma.

Njia ya pili ni Georgia Tech, nao wa Marekani, ambao tangu 2014 wanafundisha masta ya kompyuta kwa mtandao. Ni masomo 10, jumla kama dola 7,000, na unaweza kusoma moja moja huku uko kazini, ukilipa kidogo kidogo. Kwa mfuko wangu hii ndiyo inayowezekana. Ila natoka kazini saa moja jioni, foleni ya Shekilango, nafika nyumbani nimechoka, na mtu niliyeshindwa kozi ya bure mara tatu naogopa kuweka mamilioni kwenye jambo lilelile.

Anti, na ninyi wasomaji mliopita huku, naomba mniambie kweli. Mliosoma huku mnafanya kazi, kulipia na kuwa na tarehe ya mtihani kuliwafanya msome, au mliacha njiani? Mlioacha kazi, mlirudi mkapokelewa? Na je, kuna aliyejifunza takwimu hizi vizuri bila kurudi chuo kabisa? Kama yupo, alianzia wapi na ilimchukua muda gani? Bosi ametukabidhi mradi wa SACCOS nyingine, na safari hii nataka nijue ninachokifanya.

Msomaji wako,
Sinza