Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma: hosteli za wanafunzi zikaguliwe saa nne usiku

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: UKAGUZI WA HOSTELI NA NYUMBA ZA KUPANGA WANAFUNZI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Tunaoandika ni mafundi umeme, wachomeleaji na wahudumu wa afya, na kazi zetu ziko katika mitaa inayozunguka vyuo vya jiji hili. Tangu Chuo Kikuu cha Dodoma kianzishwe mwaka 2007, Ng'ong'ona na Makulu zimejaa vyumba vya wanafunzi waliokosa nafasi chuoni au walioamua wenyewe kupanga mtaani. Kikuyu nako ni hivyo hivyo kwa wanaosoma Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Ombi letu ni moja: nyumba hizi zikaguliwe usiku.

Mkaguzi akifika saa tano asubuhi anakuta rangi mpya, geti liko wazi, jiko limetulia barazani na simtanki limejaa. Hajadanganywa na mtu. Amekuja tu saa ambayo nyumba haina hatari. Hosteli ileile saa nne usiku ni nyumba nyingine: geti limefungwa, jiko limeingizwa ndani, kila chumba kimechomeka kitu ukutani, na maji yamekwisha.

Tuanzie getini. Mwenye nyumba anafunga kwa kufuli kwa sababu anaogopa wezi, na hofu hiyo tunaielewa. Lakini ufunguo anaondoka nao au anakabidhiwa mlinzi, ambaye naye hulala. Madirisha yote yana nondo zilizochomelewa moja kwa moja kwenye fremu. Kwa hiyo moto ukiwaka kwenye korido, hakuna pa kutokea. Bwenini Shauritanga, Kilimanjaro, mwaka 1994 walikufa wasichana wapatao 40. Kyanguli, nchini Kenya, mwaka 2001 walikufa wavulana 67. Mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Hayo yalikuwa mabweni ya shule yenye walimu na wasimamizi. Hosteli ya mtaani mara nyingi haina hata mtu mwenye orodha ya waliolala humo.

Dawa yake ni kazi ya mchomeleaji ya siku moja au mbili. Kila chumba kiwe na dirisha moja ambalo grili yake ina bawaba mbili upande mmoja na komeo la ndani upande wa pili, komeo la kusukuma kwa mkono, lisilo na tundu la kufuli. Uwazi usipungue sentimita 50 kwa 70, ili mtu mzima apite na mabega yake. Komeo likae mahali ambapo mkono wa mwizi aliye nje haulifikii, na lipakwe grisi kila baada ya miezi michache, maana komeo lililoshika kutu halina tofauti na kufuli. Mkaguzi asiishie kuliangalia. Taa izimwe, kisha mpangaji mwenyewe alifungue gizani. Akishindwa kwa nusu dakika, hilo si dirisha la kutokea.

Jiko la mkaa ndilo linalotusumbua zaidi. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, gesi ikiisha, mwanafunzi anarudi kwenye mkaa. Juni na Julai baridi ya Dodoma inapoanza kuuma, jiko lililopikia ugali linavutwa ndani ili chumba kipate joto, mlango unafungwa na chini yake panazibwa kwa kitenge. Wengi wanaamini mkaa ukishakolea ukawa mwekundu bila moshi, hatari imekwisha. Ni kinyume chake. Moshi unawasha macho na kumfukuza mtu. Kinachoua ni kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na mkaa mwekundu huitoa kwa wingi, hasa unapofifia chini ya majivu.

Piga hesabu ya chumba cha kawaida cha futi kumi kwa kumi. Ndani yake mna hewa ya mita za ujazo 25 hivi. Robo kilo ya mkaa, kiasi cha kuivisha ugali na mboga, inaweza kutoa gramu 40 za kaboni monoksaidi na zaidi. Chumba kikiwa kimezibwa, hiyo ni zaidi ya sehemu 1,000 katika kila milioni. Ikifika 1,600, kichwa kinauma ndani ya dakika 20, na kifo kinaweza kuja ndani ya saa moja au mbili. Aliyelala hasikii hata hicho kichwa. Kulala sakafuni hakumsaidii, kwa sababu hewa hii si nzito: inasambaa chumba kizima, juu na chini.

Anayekutwa amelegea, ana kichefuchefu na haelewi anachoulizwa, atolewe nje mara moja, halafu apelekwe hospitali yenye oksijeni. Asipewe maziwa. Mitaani kwetu maziwa ndiyo dawa ya kila sumu, lakini hii imeingia kwa mapafu na imeshika damu, na maziwa yanakwenda tumboni. Kwa mtu aliyezimia yanaweza hata kumpalia. Akivuta hewa ya kawaida tu, mwili huchukua saa nne hadi tano kupunguza nusu ya sumu hiyo. Kwa oksijeni ya hospitali ni kama saa moja na nusu.

Kumpiga mwanafunzi marufuku ya jiko hakutasaidia, maana atalificha. Kila hosteli iwe na jiko la pamoja nje, lenye paa na upande mmoja usio na ukuta, na mkaa uzimwe hukohuko kwa mchanga au maji. Vyumba viwe na matundu ya hewa mawili yasiyozibika, moja juu na moja karibu na sakafu. La chini tunalitaka kwa ajili ya gesi ya kupikia, ambayo ni nzito kuliko hewa. Mtungi wa kilo 6 ukivuja, gesi inatambaa sakafuni na kujaa chini ya kitanda, na mara nyingi mtungi wenyewe umehifadhiwa hukohuko. Chanzo cha kawaida ni kile kiraba cha mviringo kwenye mdomo wa valvu, kilichokauka au kilichodondoka wakati wa kubadilisha mtungi. Povu la sabuni linatosha kupima: likitoa mapovu, funga valvu, toa mtungi nje, na usiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima.

Kwenye umeme, hosteli nyingi zilijengwa kama nyumba za familia, vyumba vitatu na sebule, kisha zikakatwa kwa mbao au jipsamu zikawa vyumba kumi na viwili. Nyaya zimebaki zilezile. Umeme ni wa njia moja. Wanafunzi kumi na wawili wakichomeka hita za maji za wati 1,500 kwa wakati mmoja, hiyo ni wati 18,000, karibu ampia 78. Breka ya soketi ya ampia 20, ile swichi inayokata umeme ukizidi, inaanza kuruka kila usiku. Mwenye nyumba analalamikiwa, anamwita fundi, na fundi (tunasema haya tukijua ni wenzetu) anaweka breka ya ampia 40 juu ya waya uleule wa milimita 2.5. Malalamiko yanakwisha. Breka haioni tena kitu, na sasa kinachosubiri kukatika ni waya wenyewe, ndani ya dari ya mbao.

Ekstensheni nazo zitazamwe. Nyingi zimeandikwa ampia 13, ukizikata ndani unakuta waya wa milimita 0.75, usiovumilia zaidi ya ampia 6 hivi. Hita moja tu inavuka hapo. Mkaguzi aishike kwa mkono saa nne usiku: ikiwa ya moto, haihitaji kipimo kingine. Mchana itakuwa baridi kabisa.

Hita ya kuzamisha kwenye ndoo ina hatari yake pekee. Bomba lake likipasuka, maji yote yanakuwa na umeme, na mtu anatumbukiza kidole kupima joto. Plagi yake mara nyingi haina waya wa kijani na njano wa kwenda ardhini, au soketi ndiyo haijaunganishwa nao. Kila nyumba ya wanafunzi iwekewe swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampia 30, ijaribiwe kwa kitufe chake mbele ya mkaguzi. Hiki kifaa kimoja tungekiweka mbele ya mengine yote ya umeme.

Maji tutayataja kwa kifupi. Yakikatika, ndoo zinajazwa popote. Kidonge cha kutibu maji kiwekwe kwenye maji meupe kwa kipimo cha lita kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha kusubiri dakika 30. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa. Mkaguzi afungue mfuniko wa simtanki na kumulika ndani kwa tochi, kwa sababu tope la chini halionekani likiwa limejaa.

Mamlaka yapo. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007 na Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 zinatoa nafasi ya kukagua majengo. Tunapendekeza timu ya watu wanne: ofisa afya, askari wa zimamoto, fundi umeme na mwenyekiti wa mtaa. Hosteli za wasichana aingie ofisa wa kike. Mwenye nyumba ajulishwe wiki atakayokaguliwa, asijulishwe siku. Kasoro za geti na dirisha apewe siku saba, za nyaya siku thelathini, na mkaa chumbani ukomeshwe usiku uleule kwa kuonyeshwa pa kupikia. Namba 114 ya zimamoto na namba ya nyumba ya anwani za makazi ziandikwe kwa rangi ukutani ndani ya korido, kwani anayepiga simu akiwa amepaniki husahau hata jina la mtaa.

Tunaomba ianze wiki ya pili baada ya vyuo kufunguliwa, wanafunzi wakiwa wameshahamia na kuchomeka vitu vyao. Tupo tayari kuongozana nanyi bila malipo. Tochi, testa, futi na povu la sabuni tutakuja navyo wenyewe.

Ni sisi,
Mafundi umeme, wachomeleaji na wahudumu wa afya, Dodoma

Nakala: Kamanda wa Zimamoto na Uokoaji wa Mkoa, wenyeviti wa mitaa, serikali za wanafunzi