Mfuniko wa saa wa kubana

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam nyingi, na shemeji pia. Picha za saa unayotaka kuibadilishia betri mwenyewe nimeziona. Mfuniko wa nyuma hauna skrubu hata moja, wala zile pengo za kuingizia spana ya mafundi saa, kwa hiyo ni wa kubana. Hauzungushwi, unabanduliwa.

Fungua mkanda walau upande mmoja ili saa ilale, kisha sugua ukingo kwa mswaki mkavu. Jasho na vumbi huziba mwanya wa kufungulia. Pitisha ukucha taratibu kuzunguka ukingo wote chini ya taa. Mahali fulani utakwama kwenye kipengo kidogo, au utakuta mfuniko umeinuka kama mdomo. Hapo tu ndipo pa kuanzia. Kabla ya yote, chora mstari mdogo kwa kalamu ya maka kutoka kwenye mfuniko hadi kwenye bodi, yaani gamba la saa, utakusaidia wakati wa kufunga.

Tumia kisu kifupi kigumu. Wembe usiuguse, unavunjika na kuruka. Bandika selotepu kwenye bodi isikwaruzike, ingiza ncha ya kisu kwenye kipengo, halafu usisukume: kizungushe kidogo tu mkononi kama unayefungua kufuli, mfuniko utaruka wenyewe. Anayesukuma ndiye anayekata kidole, au kisu kinazama ndani na kukata waya wa koili, ile iliyozungushiwa waya inayoendesha mishale, nao ni mwembamba kuliko unywele. Koili ikikatika, betri mpya haisaidii kitu.

Soma namba iliyo kwenye betri. Saa nyingi za mishale mitatu zenye mashine ya ndani iitwayo Miyota 2035 hula betri ya SR626SW, yaani 377: upana milimita 6.8, unene 2.6, volti 1.55. Zile AG4 za bei ya chee zinaingia sawasawa, lakini ni za alkalini. Volti yake hushuka kadiri inavyotumika na huvuja mapema. Ongeza hela ununue ya oksidi ya fedha. Itoe ya zamani kwa kibano cha plastiki, maana cha chuma kikigusa juu na ubavuni kwa pamoja kinaunganisha chanya na hasi. Maandishi ya betri mpya yatazame juu. Mshale wa sekunde usipotembea, angalia kama kitufe cha kurekebishia majira kimesukumwa ndani.

Kazi yenyewe iko kwenye kufunga. Ule mpira mwembamba wa kuzuia maji, ulio chini ya mfuniko, urudi kwenye mfereji wake, umepakwa grisi ya silikoni kidogo sana; ukijikunja, mfuniko hautabana. Ukingo wa ndani wa mfuniko mara nyingi una pengo la kupisha kijiti cha kitufe. Ukikosea hapo, unabonyeza kijiti badala ya kufunga, na kwa nguvu zako utakipinda. Fuata mstari wako, kisha bonyeza kwa vidole gumba viwili hadi usikie "tak".

Mfuniko ukikataa kufunga, usichukue koleo. Mpelekee saa fundi mwenye mashine ya kubania, na umwambie aweke pete pana upande wa kioo, ikae kwenye ukingo wa bodi. Ikikaa juu ya kioo chenyewe, kinapasuka. Hata ukifunga vizuri, usioge nayo mpaka ipimwe maji.

Wasalimie wote.

Nduguyo,
Juma