Watasema? Na waseme!

Wanangu mnaolea hapa Dar,

Mnisamehe, naandika nikiwa bado na hasira. Jumamosi nilikuwa Tabata, mjukuu wa kaka yangu anatimiza mwaka. Ukumbi umepambwa, keki ya ngazi tatu, MC, mpiga picha. Mwenye sherehe mwenyewe alilizwa na spika mpaka usingizi ukamchukua kitini, viatu vinambana. Mama yake nilimkuta nyuma kwa wapishi, ameinamia simu. Anapigiwa na watu wa mkopo. Kausha damu, ile mikopo ya riba ya kunyonya! Amekopa kausha damu kumfanyia sherehe mtoto ambaye neno "keki" bado hajaweza kulitamka.

"Umekula?" nikamuuliza.

"Tangu jana sijala, shangazi."

"Sasa haya yote ya nini?"

"Wenzangu wote kwenye grupu wamefanya. Nisipofanya watasema."

Watasema nini? Nimelea watano Magomeni, vyumba viwili vya kupanga. Mtoto akitimiza mwaka, kuku akipatikana tunachinja, asipopatikana ni chai na maandazi. Hakuna aliyewahi kunidai picha. (Kitinda mimba ananidai, lakini yule hudai kila kitu.) Ninyi mnaanza kuchangishana mimba ikiwa na miezi saba, na sare juu. Akizaliwa, picha. Akifika miaka sita, mahafali ya chekechea, mtoto kavalishwa joho. Joho! Kahitimu nini, kuhesabu mpaka ishirini?

Kinachoniuma zaidi ni arobaini. Siku zile zilikuwa za mzazi kulala. Mama yangu alinikanda kwa maji ya moto, jirani akaleta uji wa pilipili manga, ndoo sikuigusa. Sisemi zamani kulikuwa peponi. Wifi yangu mmoja alikuwa akihesabu vipande vya nyama kwenye bakuli langu. Lakini nililala. Leo arobaini ni shughuli, na mzazi ndiye anayehangaika na mshona nguo huku kidonda hakijakauka.

Mengine nayasema haraka. Aliyejifungua kwa operesheni amezaa. Anayenunua maziwa ya kopo analisha. Nguo zisizokunjwa hazijaua mtu. Tumbo la mzazi liacheni, lisisemwe.

Tena lawama si zenu peke yenu. Kliniki wanawaambia miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama tu, na wanasema kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo, aliyezaa pacha siku 100. Siku 84 hata miezi mitatu hazitimii! Sheria hiyohiyo inamruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, lakini mama wa Mbagala anayefanya kazi Posta, kule katikati ya jiji, atazifanyia nini? Akifika nyumbani kunyonyesha, muda wa kurudi umeliwa na foleni. Anayeuza vitumbua kituoni hana hata hizo 84. Baba kapewa siku 3, na wengi wanazimaliza kwa kupokea pongezi. Halafu huyu mwanamke anayevutwa huku na huku tunamwambia aonekane amependeza.

Nami nimo. Miaka yote nimekaa kwenye viti vya mbele kwenye shughuli hizi, nimekula pilau, nimepiga vigelegele, na njiani kurudi nimesema, "Mbona vinywaji vilikuwa vichache?" Wanaosema, kumbe ndio sisi.

Wewe binti wa kaka yangu, unajijua. Deni nimeshaongea na baba yako, tutalipunguza kidogo kidogo. Jumapili njoo Magomeni na mtoto. Njoo na kanga, usijipake kitu, na vile viatu viache hukohuko. Nitapika wali wa nazi na samaki, mtoto nitakuwa naye mimi barazani. Simu utanipa niifungie kabatini, nawe ulale mpaka alasiri. Atakayeuliza uko wapi nitamjibu mimi.

Shangazi yenu,
Magomeni